Herufi X katika Kisandawe

Kiswahili sanifu hakina kazi na herufi x. Tunakutana nayo kwenye hesabu tu. Lakini ukitoka Dodoma mjini kuelekea kaskazini hadi Farkwa na Kwamtoro, Wilaya ya Chemba, unaingia nchi ya Wasandawe, na katika maandishi ya lugha yao x ni konsonanti kamili.

Sauti yake ni kidoko cha pembeni. Nyuma ya ulimi huziba kwenye kaakaa laini, ncha hubana juu nyuma ya meno, kisha ubavu wa ulimi huachia na hewa huingia kwa mlio. Wachunga punda wanaujua mlio huo. Ndio wa kumhimiza mnyama aende. Kwao ni ishara. Kwa Msandawe ni sehemu ya neno, sawa na b au m, tena ina sura tano: x, xh, gx, nx na x'. Ukijumlisha vidoko vingine viwili, vinavyoandikwa kwa c na q, navyo vya sura tano tano, unapata 15.

Umbo hili limebeba sauti nyingi. Wagiriki wa mashariki walilisoma kh, wa magharibi ks, na Warumi wakashika ks. Huko Ireland alfabeti ya kale ya ogamu ilianza na herufi 20; baadaye ikaongezwa alama yenye umbo la x, iliyosimama badala ya k kwenye mawe, na waandishi wa vitabu waliofuata wakaisoma ea.

Kidoko kilipewa x Afrika Kusini katika miaka ya 1820, wamisionari wa Kiskoti, akiwemo John Bennie, walipoandika Kixhosa. Mjerumani Lepsius alipendekeza mistari miwili ya wima, na wanaisimu wanaitumia hadi leo. Kwa matumizi ya kila siku naona x inafaa zaidi: iko kwenye kila simu.

Kixhosa kilichukua vidoko kwa majirani zake Wakhoi na Wasan. Kisandawe hakikuazima kwa majirani wa leo, maana Kigogo, Kirangi na Kiburunge havina vidoko. Vidoko ni mali yake yenyewe, na kuviandika sawasawa ni kuvitunza. Kwa hiyo nawasihi vijana wanaoandikiana Kisandawe kwa simu wasiidondoshe ritifaa ya x'. Bila hiyo neno linaweza kugeuka lingine, kama ng'oa inavyogeuka ngoa.