Rafiki wa kwenye simu akifariki, tunamlilia wapi?

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu vitalu vya vitunguu, ila itabidi visubiri. Kundi letu la WhatsApp la wakulima wa nyanya limefiwa, na tangu hapo vijana wananipigia na swali lilelile, tena kwa sauti ya chini: "Afisa, mtu ambaye sijawahi kumwona, kweli naweza kumlilia?"

Jibu langu ni ndiyo. Na msiba wa namna hii una kazi zake, kwa hiyo tuongee vizuri.

Marehemu alikuwa kijana wa Ilula, Iringa. Mimi nipo mkoa mwingine. Miaka minne tumefahamiana na sikuwahi kumpa mkono. Hata picha aliyoweka kwenye namba yake ilikuwa ya nyanya. Ila sauti yake ningeitambua popote. Ndiye aliyewafundisha wengi kundini kipimo cha glasi. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Usikimbilie duka la dawa, hakuna itakayoponya. Ng'oa mche, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, hoho wala viazi mviringo. Somo hilo limeokoa hela za watu wengi.

Tena hakuwa mtu wa magonjwa tu. Bei ya tenga ilipoanguka, mwenzetu mmoja akaandika usiku wa manane kwamba anaacha kila kitu kioze shambani. Jamaa huyu ndiye aliyempigia, wakaongea mpaka vocha ikaisha.

Wanaosema "huyo ni namba tu, si rafiki" hawajawahi kukodi ekari mbili kijiji cha ugenini na kulala kibandani wakilinda pampu. Pale jirani yako ni yule anayepokea simu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakuweka sharti la kuonana.

Na jambo hili si letu peke yetu. Norway kulikuwa na kijana aitwaye Mats Steen, aliyezaliwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli uitwao Duchenne. Alitumia kiti cha magurudumu, na muda wake mwingi aliupitisha kwenye mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft, ambako wenzake walimjua kwa jina la Ibelin. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakiamini mtoto wao ameishi bila marafiki. Baba yake, Robert, akatangaza kifo hicho kwenye blogu ya mwanawe, akaweka na anwani yake ya barua pepe. Barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu aliowasikiliza na kuwafariji miaka yote ile. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Mwaka 2024 ikatoka filamu kuhusu maisha yake.

Angalieni kilichofungua mlango: baba aliweza kuingia kwenye blogu ile. Asingeweza, pengine wale marafiki wangebaki wanasubiri jibu, na wazazi wangebaki na huzuni yao.

Kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Siku tisa meseji zetu zilikaa na tiki moja. Mwishowe nikampigia afisa ugani mwenzangu wa kata ile, akaenda mpaka nyumbani. Akakuta watu wameshazika. Majirani walitajwa msibani, wanakwaya wakatajwa, sisi hapana, maana hakuna aliyejua kama tupo. Kitaluni akakuta trei za miche zinakauka kwa kiu. Kumbe nyingine zilikuwa za wanakundi watatu waliokwisha kulipa, na familia haikujua ni za nani.

Kwa hiyo, vijana, haya ndiyo ninayowaomba.

Thibitisheni kabla ya kuchanga. Matapeli wanapenda misiba. Pateni mtu wa kule afike nyumbani kwa miguu yake, awe afisa ugani, mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji. Sisi tulichangia kwa mtu mmoja, orodha ikiwa wazi kundini, na pesa ikafika mkononi kwa familia. Kwenye daftari la rambirambi tumeandikwa "Wakulima wenzake wa kwenye simu."

Andikeni daftari lenu. Nani unamdai, nani anakudai, miche ya nani ipo kitaluni, na namba mbili za watu wa kundi wa kupigiwa likitokea la kutokea. Mwonyeshe mtu wa nyumbani lilipo. Namba ya siri ya pesa usiiandike humo.

Hifadhini sauti zake mapema. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na siku moja namba ile inaweza kuja na picha ya mtu usiyemjua. Isikushtue.

Mwisho, ombolezeni. Sisi tulitenga siku moja bila biashara kundini, kila mtu akaandika jambo moja alilosaidiwa na marehemu. Tukachapisha, yule afisa akapeleka. Mama mzazi aliomba asomewe mara mbili, kisha akauliza: "Kumbe mwanangu alikuwa mwalimu?"

Ndiyo, mama. Alikuwa mwalimu wetu. Poleni sana.

Leo jioni ukimaliza kumwagilia, anza lile daftari. Vitunguu tutaviongelea wiki ijayo.