Uliumia Mkono Kitambo na Bado Unakusumbua? Cheki Hizi Sababu 6

Kila mbogi iko na msee wa hivi. Alianguka na nduthi miaka kadhaa iliyopita, akafungwa plasta, ikatolewa, maisha yakaendelea. Sahii simu inamponyoka, usiku mkono unakufa ganzi, na akiuliza wasee anaambiwa, "Hiyo ni baridi tu, itaisha."

Baridi inaweza kuamsha maumivu, sawa. Lakini baridi haifanyi vidole vikose nguvu. Mfupa kushika ni kitu kimoja, na neva, misuli na viungo kuwa fiti ni kitu ingine. Hizi ndizo sababu za kuangalia.

1. Neva ya kiwiko imevutwa

Unajua ile stima inakupiga ukigonga kiwiko kwa mlango? Hiyo ni neva, inapita nyuma ya kiwiko karibu sana na ngozi. Kama ulivunjika hapo ukiwa mtoi na mfupa ukashika ukiwa umepinda, neva inavutwa pole pole kila ukikunja mkono. Shida inaweza kutokea hata miaka 10 ama 20 baadaye. Kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete vinakufa ganzi, na kufunga vifungo vya shati inakuwa kazi.

2. Njia ya neva kwa kifundo imekuwa ndogo

Mfupa wa kifundo cha mkono ukishika vibaya, neva inayopita hapo kuenda kwa kiganja inabanwa. Hii inashika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Inakuamsha usiku, unakung'uta mkono ndio upate usingizi.

3. Kuna kamfupa hakakushika

Ulianguka ukajishika na kiganja, ukaambiwa umeteguka tu. Chini ya kidole gumba kuna kamfupa kadogo kenye hupata damu kidogo, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza kukosa kuonyesha ufa. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kashimo hapo chini yake. Ukibonyeza na kuuma, rudi upigwe picha ingine.

4. Neva za shingo ziliumia

Hii ni ya nduthi sana. Msee anatua na bega, kichwa kinaenda upande ule mwingine, neva zinazotoka shingoni zinavutika ama zinakatika. Neva humea kama milimita 1 kwa siku, so kutoka bega hadi vidole ni safari ndefu. Na misuli ikikaa bila neva mwaka mmoja na nusu hivi, inakauka na hairudi. Upasuaji wa hizi neva hufanya poa zaidi ndani ya miezi 6. Kama beshte yako bado anangoja mkono "urudi wenyewe", mwambie saa inasonga.

5. Ulifungwa ukakazwa sana

Mtu wa kunyoosha mifupa akikaza mbao, ama hata plasta ya hosi ikibana mkono ukivimba, damu haipiti. Misuli inaweza kufa kwa masaa machache tu. Baadaye vidole vinabaki vimejikunja kama makucha.

6. Kiungo kimesagika

Mfupa ukivunjika ndani ya kiungo, ile gegedu laini inaharibika. Miaka ikisonga, mifupa inasuguana. Asubuhi mkono umekauka, na ukibeba mtungi wa maji unasikia.

Sasa ufanye nini?

Weka mikono yote miwili kwa meza, linganisha. Ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada imekonda upande mmoja? Neva imekuwa na shida kwa muda. Usikawie.

Ukifika hosi, sema uliumia mwaka gani na ni vidole gani haswa vinakufa ganzi. Hiyo peke yake inampa daktari ramani ya neva gani imeguswa. Anaweza kuitisha eksirei ama kipimo cha umeme wa neva. Si lazima upasuliwe. Wengi husaidiwa na kifaa cha kushikilia mkono usiku na mazoezi ya fiziotherapia. Lakini kununua diclofenac kwa kemisti kila siku kwa miezi si matibabu, na inaweza kukuharibia tumbo na figo.

Usingoje kesho kama vidole vimekuwa baridi ama vimebadilika rangi, mkono umelegea ghafla, ama maumivu ya mkono yamekuja na kifua kubana na jasho. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa moyo, hata kama mkono ndio ulivunjika kitambo.

Mtumie hii yule msee wa nduthi kwa mbogi yenu. Huenda amezoea uchungu wenye una dawa.