Konokono wa Paisley

Jioni ya tarehe 26 Agosti, 1928, Bibi May Donoghue, mwanamke maskini wa Glasgow, aliketi katika mkahawa mmoja wa mji wa Paisley, huko Scotland. Rafiki yake alimnunulia chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, hata haikuwezekana kuona kilichomo. Bibi akanywa, na rafiki alipommiminia iliyosalia, pakatoka, kwa madai ya Bibi, konokono aliyekwisha kuoza. Akaugua tumbo, hata akatibiwa hospitalini.

Basi amshtaki nani? Mwenye mkahawa hakuwa na mapatano naye, kwa maana fedha zilitoka mfukoni mwa rafiki. Bwana David Stevenson, mwenye kiwanda, hakumwuzia kitu kabisa, na sheria ya siku zile ilielekea kumwachilia mtu kama huyo. Hata hivyo Bibi alimdai pauni 500, ingawa aliapa ya kwamba mali yake yote ulimwenguni haifiki pauni 5, ili aruhusiwe kukata rufani bila kuweka dhamana ya gharama.

Tarehe 26 Mei, 1932, Baraza la Malodi huko London lilimpa haki ya kudai, waamuzi watatu kwa wawili. Lord Atkin alieleza ya kuwa jirani, katika sheria, ni kila mtu ambaye yapasa kumfikiri kuwa aweza kudhurika kwa tendo letu, au kwa kuacha kwetu kutenda. Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe, kwa kuwa shauri lilimalizwa kwa mapatano.

Mahakama za Kenya hufuata kanuni hiyo. Dereva wa lori aliyesahau kukagua breki ni mzembe. Yule aliyeambiwa na fundi ya kwamba breki ni mbovu, naye akapakia abiria akateremka mlima, ameiona hatari akaidharau. Wote wawili waweza kudaiwa fidia, lakini wa pili hana hata udhuru wa kusahau.

Mwenye kudai ndiye athibitishaye. Kwa hiyo cheti cha daktari na majina ya walioshuhudia yatunzwe tangu siku ya kwanza. Muda wa kufungua shauri la namna hii katika Kenya kwa kawaida ni miaka 3. Likiwa juu ya Serikali, ni miezi 12 tu.