Asilimia ya Jeraha Lisiloonekana

Mfanyakazi wa mgodi aliyepondwa mkono na mtambo hupelekwa kwa daktari, na jeraha likisha kupona daktari hufungua jedwali. Humo viungo vya mwili vimepangwa, na kila kimoja kimeandikiwa asilimia yake. Kupotewa na macho yote mawili ni 100. Kidole kimoja ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Watu waweza kubishana juu ya fedha zitakazolipwa, lakini hakuna abishaye kwamba kidole hakipo.

Sasa tumfikirie mchimbaji wa kubuni, mkazi wa Kahama, aliyefukiwa na kifusi kwa siku 2 akatolewa akiwa hai. Mifupa yake ni mizima, na picha ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote. Lakini tangu siku ile hawezi kulala taa ikizimwa. Mlio wa lori la mawe humtoa jasho. Ameacha kazi ya chini ya ardhi, na nyumbani hukasirika kwa jambo dogo, naye zamani alikuwa mpole. Je, mtu huyu amepotewa na asilimia ngapi?

Swali hili si la mchezo, kwa kuwa sheria nyingi za fidia duniani hudai jibu lake liwe tarakimu.

Lugha yetu ina neno kiwewe, yaani hali ya mtu kupigwa na bumbuwazi kwa tukio la kutisha. Kiwewe cha saa chache, au hata cha siku kadhaa, si ugonjwa. Madaktari husema pana ugonjwa pale dalili zinapoendelea kupita mwezi mmoja na kumharibia mtu kazi au maisha yake. Katika makala haya tutauita ugonjwa wa kiwewe. Dalili zake hukusanywa katika mafungu manne. Kwanza, tukio hurudi lenyewe bila kuitwa, katika ndoto au mchana kweupe. Pili, mgonjwa hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Tatu, fikra na hisia zake hubadilika, hata akajilaumu kwa kubaki hai wakati mwenziwe amekufa. Nne, mwili hukaa macho daima, kama mlinzi asiyepokewa zamu.

Hilo la nne lina maelezo ya kibiolojia. Ndani ya ubongo kuna kisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, ambacho hupiga kengele ya hatari kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Moyo huenda mbio, na homoni ya adrenalini humwagika katika damu. Kisehemu kingine, hipokampasi, husaidia kuiwekea kumbukumbu mahali pake na wakati wake: jambo hili lilitokea kule, siku ile, nalo limekwisha. Katika ugonjwa wa kiwewe kazi hizi mbili haziendi sawa. Kengele hulia kwa harufu ya vumbi tu, na kumbukumbu huja kama kwamba tukio linatokea sasa hivi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa “sahau” anamtaka afanye jambo ambalo ubongo wake umeshindwa kulifanya.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale, lakini jina lake ni jipya. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Uingereza waliwaona askari waliotetemeka na kupoteza sauti bila jeraha lolote, wakadhani kwamba mshindo wa mizinga ulikuwa umetikisa ubongo. Ilikuwa mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chake cha uainishaji. Msomaji wa Tanzania na autazame mwaka huo kwa makini. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamevaa sare, wakiwemo mgambo walioitwa kutoka mikoani. Waliporudi makwao, jina la ugonjwa huu halikuwa bado limeandikwa popote. Aliyerudi Shinyanga, au Geita ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, akawa anaruka usingizini kwa kelele, jirani zake walimpa maelezo waliyokuwa nayo: amerogwa, au pombe imemwingia. Daktari wa wilaya naye hakuwa na maelezo bora sana kuliko hayo.

Tuje sasa kwenye tarakimu. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Marekani, ambako askari wastaafu walioumia nafsi hupimwa kwa jedwali lililoanza kutumika mwaka 1996. Ngazi zake ni 6: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Ngazi ya 0 ni ya mtu aliyethibitika kuwa na ugonjwa, ila haumzuii kufanya kazi wala kukaa na watu. Kwenye 30 kazi yake hulegea mara kwa mara, ingawa kwa jumla anajimudu. Kwenye 50 hategemeki tena kama zamani, na hofu kuu humshika zaidi ya mara moja kwa juma. Kwenye 70 pana upungufu karibu kila upande, kazini, nyumbani na katika kuamua mambo. Kwenye 100 hawezi kabisa kazi wala maisha ya jamii.

Ngazi hizi hazipimi ukubwa wa tukio wala wingi wa maumivu. Askari wawili waliokuwa katika handaki moja, wakashuhudia kifo kile kile, waweza kupewa mmoja 10 na mwingine 70, bila daktari kukosea. Kinachopimwa ni uwezo uliopotea. Nayo tarakimu haibaki ile ile milele. Askari akiondolewa jeshini kwa sababu ya ugonjwa huu, sheria ya nchi hiyo huagiza apewe walau 50, kisha apimwe tena ndani ya miezi 6.

Walimu wa hesabu watapenda kujua namna asilimia zinavyounganishwa. Askari mwenye 50 kwa kiwewe na 30 kwa goti hapati 80. Huhesabiwa hivi: 50 ya kwanza ikiondolewa, mtu amebakiwa na 50; goti huchukua asilimia 30 ya hiyo iliyobaki, yaani 15. Jumla ni 65, nayo hukadiriwa kufikia kumi iliyo karibu, ikawa 70. Sababu yake ni kwamba kila ulemavu hula katika uwezo uliosalia, na hakuna awezaye kupotewa na zaidi ya 100. Mwanafunzi na ajaribu 70, 20 na 10. Atapata 78, ambayo hukadiriwa kuwa 80.

Tanzania Bara wafanyakazi hulindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015. Waajiri huchangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Katika sheria hii upo mpaka mmoja mkubwa. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa fedha za mkupuo, mara moja basi. Ukizidi 30, mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi, na mwenye ulemavu wa 100 hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Kwa hiyo, kwa mchimbaji aliyeajiriwa katika mgodi mkubwa wa Geita au Bulyanhulu, tofauti ya 30 na 31 ni tofauti ya fedha zinazokwisha na riziki ya kila mwezi.

Hapo ndipo jeraha la nafsi linapokuwa gumu. Daktari anaweza kupima kwa nyuzi mkunjo wa goti, lakini hofu haina rula. Shirika la Kazi Duniani liliuingiza ugonjwa wa kiwewe katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2010. Kuorodheshwa, hata hivyo, si kupimwa. Kitabu cha madaktari wa Marekani kinachotumiwa katika nchi nyingi kukadiria ulemavu kiliacha kwa miaka mingi kutoa asilimia za nafsi, kikatoa madaraja tu. Toleo lake la sita likaja na njia nyingine: mgonjwa hupimwa kwa mizani 3 mbalimbali, kisha huchukuliwa tarakimu ya katikati, wala si wastani. Mizani moja ikitoa 10, ya pili 20 na ya tatu 60, jibu ni 20, ambapo wastani ungekuwa 30. Mizani iliyopotoka haipati nafasi ya kuzivuta nyingine. Ni njia nzuri, ingawa kwa maoni yangu bado inategemea mno ufundi wa anayeuliza maswali.

Kinachobaki ni ushahidi. Mpimaji hutafuta mambo matatu: kwamba tukio lilitokea, kwamba ugonjwa upo, na kwamba huu umetokana na lile. Mke anayeeleza jinsi mumewe anavyolala, msimamizi mwenye daftari la mahudhurio, cheti cha hospitali cha juma la kwanza, vyote hivyo ni vipimo, kama eksirei ilivyo kipimo cha mfupa. Tatizo ni kwamba dalili zaweza kuchelewa kukamilika kwa miezi 6 na zaidi, hali sheria za fidia huweka muda wa kutoa taarifa.

Lakini wengi wanaoshuka chini ya ardhi katika ukanda huu hawana mwajiri wa kumchangia mtu. Ni wachimbaji wadogo, wenye kugawana mawe na mwenye duara. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Watu 5 walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi, mende na vyura na kunywa maji yaliyochuruzika. Mwenzao wa sita alifia humo chini, na mmoja wa waliookolewa akafariki baadaye hospitalini. Mwisho wa Januari 2017 watu 15 waliokolewa Nyarugusu, Geita. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, na wachache tu wakatoka hai. Mtu wa namna hiyo, asiye na mkataba, hapimwi asilimia na mfuko wowote, hata kama ugonjwa wake ungestahili 70.

Matibabu hayangoji asilimia. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafunza wakimbizi wenyewe, wasio madaktari, kuwasaidia wenzao kusimulia maisha yao kwa utaratibu, tukio baada ya tukio, mpaka kile cha kutisha kipate mahali na tarehe yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliosaidiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa baada ya miezi kadhaa. Mchimbaji wetu wa Kahama akipata tiba ya namna hiyo huenda akapimwa tena na kuonekana ameshuka kutoka 50 hadi 10. Kama alikuwa akilipwa pensheni, kupona huko kutamgharimu, na mpimaji mwenye busara humwambia jambo hilo mapema, kabla hajaanza kuogopa kupona.