Unyevu hula faida ya bustani za chini ya ardhi

LONDON: Kampuni ya Growing Underground ilipoanza mwaka 2015 kuuza mboga changa kutoka mahandaki ya Clapham, yaliyochimbwa wakati wa Vita Kuu ya Pili mita 33 chini ya ardhi, wengi waliuliza habari za taa. Swali zito zaidi kwa mwenye mtaji ni la hewa.

Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi hutoka tena majanini yakiwa mvuke. Shambani upepo huuchukua. Handakini hauna pa kwenda. Taa zikizimwa hewa hupoa, umande hutanda majanini, na ukungu wa kijivu huweza kuharibu trei nzima kabla haijafika sokoni.

Feni hukausha majani lakini haipunguzi maji yaliyomo chumbani. Lazima hewa itolewe nje, au inunuliwe mashine ya kukausha hewa, nayo bili yake ya umeme si ya mzaha. Kwa kila lita kumi zilizonyonywa, zaidi ya tisa zitalipiwa tena kuzitoa. Wazoefu humwagilia taa zinapowashwa, na usiku huacha feni zikizunguka.