Fahamu: Kwa nini kompyuta hugoma kuwaka baada ya kuwekwa Linux

Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani, Malindi hadi Kilifi, haziwezi kubeba Windows 11, lakini mfumo endeshi wa Linux zinauweza.

Tatizo huja wakati wa kuwaka. Ukiwasha flashi ya kuweka Linux kwa BIOS, mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, ilhali Windows iliwekwa kwa UEFI, mtindo mpya, GRUB, programu inayoiamsha Linux, huandikwa pasipo pake. UEFI huitafuta kwenye kipande kidogo cha diski chenye muundo wa FAT32. Usikifomati kamwe! Windows nayo hukitegemea. Washa tena flashi kwa UEFI, urudishe GRUB; mara nyingi mafaili yamo salama. Ila nakili kazi zako kwanza: stima ikipotea katikati ya kugawa diski, zinaweza kupotea.