Bibi Yetu wa Makina na Neno "Uzee"

Tulipofika Makina, Kibera, kumjulia hali bibi yetu aliyeolewa huko tangu ujanani, tulimkuta ameketi kizingitini, mkono mmoja ameushika ukuta. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ile ile tuijuayo, ila hakuinuka. Kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha mara mbili wiki hiyo. "Ni uzee tu, wajukuu zangu," akasema, na watu wa nyumbani wakaafiki.

Makina ni mtaa wa Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani waliopewa makao huko na serikali ya kikoloni. Kwa Kinubi, Kibra maana yake ni msitu. Leo msitu ni wa mabati, na bibi yetu ameyaona yote hayo yakigeuka.

Uzee upo, wala hatuukatai. Aya ya 54 ya Surat Ar-Rum yatutajia safari yenyewe: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu tena na mvi. Lakini katika udhaifu wa bibi, ni upi ulioletwa na miaka, na ni upi ulioletwa na mambo mengine tunayoyapa jina la miaka?

Mwili umejengwa kwa seli, nazo hujigawa ili kushika nafasi ya zile zilizochakaa. Mwaka 1961 Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hujigawa takriban mara 50, kisha hukoma. Sababu moja ilikuja kujulikana baadaye. Ncha za kromosomu, ziitwazo telomia, hufupika kila seli inapojigawa, mfano wa kamba inayofumuka mwishoni. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kuzichunguza. Wala si hilo peke yake. Hitilafu ambazo mwili wa kijana huzitengeneza upesi, mwili wa mzee huziacha zikarundikana.

Dalili zake twazijua majumbani. Kwenye miaka ya arubaini lenzi ya jicho huwa ngumu, ndipo mama anapoisogeza sindano mbali ili aione tundu yake. Misuli hupungua. Mishipa ya damu hukakamaa na presha hupanda. Mwanamke akikatikiwa na hedhi, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza uzito kwa kasi, hata ajuza akijikwaa mlangoni huweza kuvunjika nyonga. Figo nazo hushindwa kuyahifadhi maji kama zamani, na hisia ya kiu hufifia.

Hapo kwenye kiu ndipo tuliposita. Mzee aweza kukaukiwa na maji mwilini asihisi kitu. Tukamuuliza bibi anakunywa kiasi gani kwa siku. "Vikombe viwili, vya chai." Na baada ya Alasiri? Hanywi kabisa. Choo kiko nje, chini ya mteremko, hulipiwa, na usiku njia ni giza na utelezi. Maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Basi bibi amejizoeza kutokunywa ili asihitaji kutoka, na juu ya hayo anameza dawa ya presha ya aina inayotoa maji kwa mkojo. Akiinuka ghafla, presha hushuka, dunia ikazunguka. Alipopelekwa kupimwa, tabibu alimbadilishia dawa na kumhimiza anywe maji. Miaka yake haikubadilika, lakini kizunguzungu kilipungua.

Siku ya pili tulivuka hadi Kawangware kwa jamaa wengine. Huko tulimkuta mzee ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akishikwa mkono na mjukuu kwenda msikitini. Macho yamezeeka, tuliambiwa. Mboni zilikuwa zimeingia weupe: mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi ya bandia. Uzee ndio uliomleta, ndiyo, lakini haukumzuia mtu kumpeleka mzee hospitali. Mjukuu alituuliza, kwa aibu kidogo, kama bado haijachelewa. Tukamwambia ampeleke wiki ile ile.

Makina sasa pana ndoo yenye kifuniko chumbani mwa bibi kwa haja za usiku, na mkaza mwana ndiye aimwagaye alfajiri. Mwanzoni bibi aliona haya, kwani ni mtu wa staha, na ilibidi mashoga zake wawili wamkalie kitako kumshawishi. Jagi la maji liko karibu na msala wake. Lililobaki ni Ramadhani. Tumemkumbusha ruhusa ya mzee asiyeweza kufunga, alishe maskini kwa kila siku. Yeye asema amefunga tangu hajavunja ungo, na mwaka huu atafunga. Bado twabishana naye.